Boksi la akriliki tyubu 12: rangi nzuri, vifuniko vya mateso

Nimelinunua dola 15 katika duka la vifaa vya shule, hapa Lubumbashi mjini. Ndani kuna tyubu 12 ndogo, burashi 3 na sahani ya plastiki ya kuchanganyia. Zamani nilikuwa nachora ramani za migodi. Sasa ugonjwa wa Parkinson umenishika mkono wa kulia, nami nachora kwa kujifurahisha.

Vifuniko kwanza, maana ndivyo vilivyonikasirisha. Watu wanajua mtetemeko tu. Vidole pia vinakakamaa na kuwa vizito, na kifuniko cha ukubwa wa punje ya mahindi hakizunguki. Mke wangu amehamishia rangi zote kwenye vikopo vya mafuta ya kujipaka vilivyokwisha.

Mipini ya burashi nayo ni myembamba. Kitu chembamba unakibana kwa nguvu, na mkono unachoka haraka. Fundi wa baiskeli wa Katuba amenifungia mipini kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, akakataa pesa: "Papa, hii nilikuwa naitupa." Mipini hiyo imeniletea nafuu kuliko kitu chochote kilichomo kwenye boksi.

Rangi zenyewe nazisifu. Rangi ya mafuta hubaki mbichi siku nyingi, na mkono ukiteleza umeharibu kila kitu. Akriliki, hasa mwezi wa saba hewa ikiwa kavu, inakauka upesi. Naegemeza kiganja juu ya sehemu iliyokauka na kuendelea. Nikikosea, napaka juu yake. Ubaya wake ni kwamba hata kwenye sahani inakauka, kwa hiyo nainyunyizia maji. Nyekundu ya kutu inafaa sana kwa vichuguu vyetu. Kijani ni hafifu, afadhali uchanganye njano na buluu.

Mkono wangu hutetemeka zaidi ukiwa umelala pajani kuliko ukiwa kazini. Nachora wakati levodopa, dawa yangu ya Parkinson, imeshika vizuri. Naimeza mbali na bukari (ugali) yenye nyama au maharagwe, kwa sababu protini huizuia dawa kufika inakotakiwa. Nguvu yake ikipungua, naosha burashi, hata kama mti una nusu ya majani.

Mistari ya rula nimeiacha. Katika karakana ya wachoraji ya Hangar, aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mji huu huu mwaka 1946, Bela alichora kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga akajaza picha zake kwa vistari vifupi vifupi. Basi majani ya mwembe nayapiga kwa kidole. Akriliki mbichi inatoka kwa maji na sabuni, ila usisubiri ikauke kwenye kucha.

Nyota 3 kati ya 5, au 4 kama nyumbani kuna mtu wa kukufungulia. Nyeupe nunua tyubu kubwa ya peke yake tangu mwanzo. Hii ya kwenye boksi huisha kabla ya nyingine zote.