Mwongoza watalii aliyecheka utunda

Mwanzo nilimpa nyota moja. Dada yangu akanisema, nikaweka tatu. Leo nimerudi kubadilisha tena.

Tulikuwa Kairo, siku zile za baridi, tukamkodi mwongoza watalii kwa nusu siku. Gari zuri, tiketi tayari, foleni akatuvusha kama wenyeji. Hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni shanga.

Mbele ya kinyago cha Farao Tutankhamun akatangaza kwamba michirizi yote ya buluu ya kile kilemba ni lapis lazuli, lile jiwe la thamani la buluu, ya Afghanistan. Nikasema kwa adabu, samahani kaka, ya kilemba ni kioo. Lapis iko kwenye nyusi na kuzunguka macho. Akanigeukia mbele ya kundi zima: "Basi ongoza wewe." Wakacheka. Yaani kwake kutaja kioo ni kumshushia Farao hadhi! Karne ile ya 14 K.K. kioo kilikuwa anasa ya ikulu, ufundi mgeni. Waliokuwa na uwezo mdogo walijipamba kwa fayansi: mawe ya kwatzi yaliyosagwa, magadi, shaba kidogo, ukichoma inajivika ng'aro yake yenyewe. Waliiita tjehenet, kitu king'aacho. Wanaume nao walivaa, si wanawake peke yao.

Nikameza. Baadaye nikamuuliza, wanawake wa enzi za Mafarao walivaa utunda kiunoni kama sisi? Akacheka tena, eti hayo ni ya wacheza ngoma, twende kwenye dhahabu.

Dhahabu! Utunda wa binti mfalme Sithathoryunet, uliofukuliwa Lahun, hukohuko Misri, mwaka 1914 na sasa uko New York, una kauri za dhahabu, na ndani ya kauri mmetiwa vipunje ili vilie akitembea. Karibu miaka elfu nne iliyopita! Marehemu bibi yangu angeelewa bila kuelezwa. Huyu aliyesomea kazi hajui, na hataki kuulizwa.

Dada anasema nimelikuza, kijana alitubebea maji na hata bakshishi hakudai. Kweli, hakudai. Na kuhusu mapiramidi alieleza vizuri, siwezi kumnyima. Pengine alichoka tu.

Lakini kile kicheko! Nyota mbili. Na moja kati ya hizo ni ya dereva.