Mikeka ya kuzuia kelele kwenye Datsun 240Z: kabla ya bei, uliza maji yakiingia yatatokea wapi

Mwezi wa nne mwaka jana niliinua zulia la upande wa dereva nikakuta kidimbwi. Masika ya Mombasa yalikuwa yamepiga siku tatu mfululizo, raba ya kioo cha mbele ilikuwa imechoka, na maji yameingia kimyakimya yakalala chini ya mkeka wa rangi ya fedha niliokuwa nimeubandika kwa mikono yangu mwenyewe. Fundi wangu wa bodi, mzee asiyependa maneno mengi, alichukua bisibisi akabonyeza. Ikapita hadi chini kama inatoboa chapati. "Mwanangu," akaniambia, "gari hili umelivalisha koti la mvua kwa ndani."

Tangu nianze kusimulia habari ya sakafu ile, kila mtu ananiuliza mkeka upi unazuia kelele zaidi. Sina jibu la swali hilo, na silitafuti. Mikeka yote, hata ya ovyo, ikibandikwa vizuri hupunguza mlio wa bati. Mimi nauliza jambo jingine: maji yakishaingia, na kwenye gari la miaka hamsini yataingia tu, yatapita wapi?

Wasiolijua gari hili: ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 likiwa na Shekhar Mehta. Halina chesi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesi, na zile reli mbili za chini ya sakafu ni bati jembamba lililokunjwa tu. Sakafu ikioza, gari limeoza uti wa mgongo. Kwa hiyo pesa za kwanza si za mkeka. Ni za reli mpya za bati nene zaidi, za kuongeza pointi za kuchomelea kwenye maungio, na za upau wa kufunga minara miwili ya shokomzoba za mbele isichezecheze. Nilishangaa mwenyewe: maungio yalipokaza, nusu ya kelele niliyokuwa nikiilaumu ilikuwa imeondoka kabla sijabandika chochote.

Kisha epoksi praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga bati na kutu, kisha silanti ya kuziba mianya kwenye maungio, ndipo mkeka. Nta ya kupuliza ndani ya mashimo ya bodi ije baada ya kazi yote ya kuchomelea, maana inashika moto. Na tafadhali, lile povu la kopo la kuzibia mianya ya madirisha lisiingie kwenye vizingiti vya milango eti kuongeza nguvu. Nguvu haliongezi, maji linayashika pahali ambapo hakuna brashi itakayofika, na siku fundi akija kuchomelea hapo mtakimbia moshi wote wawili.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni Dynamat Xtreme, na sijifichi: naipendelea. Ni butili, yaani mpira laini unaonata, yenye karatasi ya alumini juu, unene wa milimita 1.7. Haitaki kupashwa moto, hasa kwa joto letu la Pwani, na juani haitiririki kama lami. Lakini usifunike sakafu nzima kama unatandika msala! Robo tu ya eneo la bati inatosha kuua mtetemo, ukiweka vipande katikati, pale bati linapotetemeka. Gonga kwa kifundo cha kidole kabla: linalia kama sinia. Bandika kipande cha ukubwa wa daftari, kandamiza kwa rola hadi alama za karatasi zilale, gonga tena: ni kama unagonga papai. Hapo basi, hamia bati jingine. Maungio, kingo na matundu ya kutolea maji yaachwe wazi, ili kutu ikianza uione. Na vaa glavu. Ile alumini inakata kama wembe, kidole changu cha shahada kina ushahidi.

Namba mbili ni vinili nzito, shuka la plastiki laini, juu ya povu lisilonywa maji. Kazi yake ni tofauti na ya butili. Butili inatuliza bati. Vinili ndiyo inayozuia ngurumo ya injini isipenye. Tatizo ni uzito, karibu kilo 5 kwa kila mita ya mraba, na gari lenyewe ni la tani moja hivi. Mimi nimeiweka kwenye ukuta wa injini na juu ya giaboksi tu. Naipenda kwa sababu inalazwa bila gundi. Mvua ikizidi, unaitoa unaianika kama shuka. Povu lijaribu kabla hujalipa: tumbukiza kipande kwenye bakuli la maji usiku kucha, asubuhi kikamue. Kikitoa maji, ni sponji ya godoro, mrudishie mwenyewe.

Namba tatu, Kilmat na wenzake wa bei nafuu, milimita 2. Kwa milango na buti inafaa.

Mikeka ya lami, hapana. Na hapa nina kinyongo. Mjini kwetu kila mkeka wenye karatasi ya fedha huitwa Dynamat, kama vile kila dawa ya meno ilivyokuwa Colgate. Muuzaji wangu aliapa, nami nikanunua kipande kimoja kimoja, bila boksi, bila risiti. Ningekinusa ningejua: kilinuka barabara mpya. Kabla ya kununua, omba kipande, kibandike kwenye bati lililosimama wima juani saa sita, urudi alasiri uone kama kimeteremka. Bei nayo! "Ushuru, dada. Dola, dada." VAT ya asilimia 16 naijua. Nisichokijua ni kwa nini bei ilitajwa baada ya kuulizwa nina gari gani. Niliposema Z, macho yakamng'aa. Ningesema Probox ningelipa nusu.

Boksi la halali, karatasi 9, nilichanga na jirani mwenye Peugeot 504, akachukua nne na nusu yake. Zangu zimeishia kwenye sakafu, ukuta wa injini, paa na mlango wa kulia. Wa kushoto bado unafungwa kwa kishindo cha debe.