Mbegu za mgunga: maji ya moto au kikata kucha?

Ganda la mbegu ya mgunga halipitishi maji. Ukiipanda ilivyo, inaweza kulala ardhini miezi.

Kwa mbegu nyingi, maji ya moto ndiyo nafuu. Chemsha maji mara tano hadi kumi ya ujazo wa mbegu, epua, mbubujiko ukitulia yamimine juu yake, ziache humo hadi kesho. Usizitie sufuriani jikoni, utapika kiini. Hata hivyo matokeo hayalingani: zenye ganda jembamba hufa, sugu hubaki vilevile. Zilizovimba zipande siku hiyohiyo, nyingine rudia. Zenye matundu ya wadudu ziondoe mapema, maana maji huzipenya moja kwa moja.

Kikata kucha ni cha uhakika zaidi, ila ni mbegu mojamoja na vidole huuma. Kata ganda tu, upande ulio mkabala na kitovu, yaani kovu pale mbegu iliposhikamana na tunda (mzizi mchanga uko hapo), kisha loweka maji baridi usiku kucha.

Kiganja cha mbegu adimu za kitalu? Kikata kucha. Kilo nzima za kumwaga shambani? Maji ya moto, lakini kama mvua haijashika, changanya na ambazo hazijaguswa: zilizoamshwa zikichipua na jua likawaka, zimekwenda zote.