Modeli ya nyonga kwa madarasa ya Malindi: nyuma safi, chini yapwaya

Kabla ya kulipa, ilaze kifudifudi uvue gluteasi maksimasi, ule msuli mnene wa tako. Hapo ndipo utajua kama unanunua chombo cha kufundishia au pambo la kabati. Tunayoizungumzia ni fupanyonga la kike la plastiki, ukubwa wa mtu mzima. Nusu ya kulia imevishwa misuli inayobanduka, inayoshikwa kwa sumaku; nusu ya kushoto ni mifupa na ligamenti tupu, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Haina jina la maana kwenye boksi. Wauzaji wa vifaa vya hospitali wa Mombasa huiagiza kwa majina tofauti tofauti, nayo hufika Malindi kwa parseli ya basi. Ukijumlisha usafiri, andaa kama shilingi elfu 30. Wanaoihitaji ni walimu wa uuguzi, wakunga na wa fiziotherapia.

Upande wa nyuma ndio unaoirudisha pesa. Maksimasi ikitoka, piriformisi, msuli mdogo ulio chini yake, inaonekana wazi: inaanzia mbele ya sakramu, mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo, inapenya tundu kubwa la siatiki nyuma ya nyonga, inashika ncha ya trokanta kubwa, lile nundu la nje juu ya mfupa wa paja. Chini ya ukingo wake inachomoza neva (mshipa wa fahamu) ya siatiki, nene kuliko neva zote za mwili, upana wake karibu sentimita 2. Aliyeichora alijua kazi yake, maana neva inashuka katikati ya mfupa wa kukalia na trokanta kama inavyotakiwa. Kilichokosekana ni ile hali ya watu wachache ambao sehemu ya neva hiyo hupenya ndani ya piriformisi badala ya kupita chini yake. Hilo mwalimu alitaje kwa mdomo.

Kwa somo la sindano ya takoni, modeli hii inashinda picha yoyote ya ukutani. Kosa linalozaa kilema ni kugawa tako mafungu manne kwa kuhesabu ile nyama laini peke yake, mgonjwa akiwa ameshusha leso kidogo tu. Eneo halisi linaanzia juu kabisa, kwenye ukingo wa mfupa wa nyonga, hadi kwenye kunjo la chini ya tako. Ukihesabu nyama tu, "robo ya juu ya nje" inashuka na kuingia ndani, karibu na siatiki. Kinachoumia mara nyingi ni fungu la nje la neva, lile linalokwenda upande wa nje wa mguu, na mgonjwa anaondoka unyayo ukiburura. Weka kidole kwenye modeli uone umbali uliobaki. Ni mdogo, tena unatisha.

Afadhali ufundishe sindano ya ubavuni mwa nyonga. Kwa nyonga ya kulia tumia mkono wa kushoto: kiganja juu ya trokanta kubwa, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, cha kati kikitanuliwa nyuma kufuata ukingo wake. Sindano inaingia katikati ya vidole hivyo viwili, kwenye gluteasi midiasi, msuli wa kati wa tako. Kwa nyonga ya kushoto tumia mkono wa kulia. Alama zote hizo zimejitokeza vizuri, hata mwanafunzi aliyefumba macho anazipapasa. Ila usithubutu kuichoma, plastiki ni ngumu na sindano itapinda. Na kwa kuwa haina ngozi wala mafuta, kina cha sindano hakifundishiki hapa.

Ukivua midiasi, juu ya gluteasi minimasi, msuli wa ndani zaidi, pana mstari wa njano: neva ya gluteali ya juu, kutoka L4 hadi S1 (mizizi ya neva za uti wa mgongo, L ya kiunoni na S ya sakramu), inayotokea juu ya piriformisi. Inapita baina ya misuli hiyo miwili, takriban sentimita 5 juu ya ncha ya trokanta, kisha inamalizikia kwenye tensa fasia lata, msuli wa mbele ya ubavu wa nyonga. Mahali pake ni sahihi, ubaya ni kwamba ni rangi tu, inabanduka kwa kushikwashikwa. Neva hii ikiumia, mgonjwa akisimama kwa mguu ulioathirika, nyonga ya upande wa pili inashuka. Neva ya gluteali ya chini, L5 hadi S2, imepewa waya halisi unaoingia kwenye maksimasi. Ikilegea hiyo, kutembea tambarare si shida sana; mtu anashindwa kunyanyuka mkekani au kupanda ngazi za nyumba za mawe za Lamu, ambazo hata mwenye nyonga nzima zinamkalia vibaya.

Mbele hatuna mengi. Soasi na iliaki, misuli ya kuinua paja, zimekaa sawa, na chini ya ligamenti ya kinena mpangilio kutoka nje kwenda ndani ni neva, ateri, vena. Misuli ya ndani ya paja imegandishwa bonge moja, na neva ya obturata, inayoihudumia misuli hiyo, imekatwa pale inapotoka tunduni. Kwa hiyo huwezi kuonyesha kwamba adakta magna, msuli mkubwa wa ndani ya paja, ina neva mbili, obturata mbele na tawi la siatiki nyuma.

Sakafu ya nyonga ndipo tulipokasirika. Levata ani, msuli unaoshika sakafu hiyo, ni bakuli moja lisilo na mafungu, na lile fungu lake la puborektalisi, kama kamba, inayozunguka nyuma ya puru mfano wa herufi U, haipo. Kibaya zaidi ni neva ya pudenda, neva ya msamba, S2 hadi S4: inatoka tundu kubwa la siatiki na kuishia hewani. Mkunga aliyefundishwa hivyo hataelewa kwa nini ganzi ya msamba hutafutwa kwenye mwiba wa iskiamu, ncha kali iliyo juu ya mfupa wa kukalia.

Inarekebishika. Nunua uzi wa nailoni wa manjano wa kushonea nyavu, ufanyie kazi nusu ya kushoto. Kata nyuzi tatu za sentimita 30, zibandike mbele ya sakramu kwenye matundu ya S2, S3 na S4, kisha zisokote ziwe moja. Zitoe nje kupitia tundu kubwa, sehemu yake ya chini. Zizungushe nyuma ya mwiba, zipite kati ya ligamenti mbili: ile inayotoka sakramu kwenda kwenye mwiba, na ile inayokwenda kwenye mfupa wa kukalia. Zirudishe ndani kupitia tundu dogo la siatiki, halafu zilaze kwenye ukuta wa ndani wa iskiamu chini ya kipande cha plasta, kiwe badala ya utando wa obturata interna, msuli unaofunika ukuta huo. Mwishoni zichambue matawi matatu: la haja kubwa, la msamba, na la kisimi. Ongeza uzi mwekundu sambamba, maana ateri inapita humo humo, ndiyo sababu bomba la sindano huvutwa nyuma kwanza kabla ya kusukuma dawa. Puborektalisi itengeneze kwa utepe wa kitambaa kutoka mfupa wa kinena.

Hewa ya bahari ndiyo adui wa sumaku. Zimefunikwa bati jembamba, kutu inaanza ukingoni na kuchora duara la kahawia kwenye sakramu. Zipake mafuta mazito ya kujipaka, ufute kwa kitambaa kikavu. Spiriti usiguse, itaondoka na mistari ya neva. Chumba cha mabati kisicho na dari kinailegeza maksimasi, ncha zinakunjika na haikai tena mahali pake. Ihifadhi ikiwa imevikwa juu ya mifupa, si kipande peke yake. Ikivushwa kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara, kwenda Amu (mji wa Lamu), iwe ndani ya nailoni mbili zilizofungwa.

Ukiagiza, mwambie muuzaji akutumie picha ya nusu ya kushoto kwanza. Kuna toleo la bei ya chini linalofanana na modeli hii kabisa kwenye tangazo ila halina zile ligamenti mbili, na bila hizo uzi wa pudenda hauna pa kupita.