Zana ya Hofstede ya kulinganisha mataifa: isomwe kwa pengo, si kwa jina la kipimo

Zana hii ya bure mtandaoni inatokana na kazi ya Geert Hofstede, mtafiti Mholanzi wa tamaduni, na huzipa nchi alama kwa vipimo kadhaa. Ukichagua Ujerumani na Uingereza, nguzo mbili za grafu zinalingana kabisa: umbali wa madaraka (watu wanavyokubali mamlaka yagawanywe bila usawa) 35 kwa 35, ushindani 66 kwa 66. Anayeamini mataifa haya ni mbingu na ardhi atashangaa. Pengo kubwa liko kwenye kuepuka mashaka, Ujerumani 65, Uingereza 35. Hapo ndipo vikao hukwama: upande mmoja unataka utaratibu mzima uandikwe kwanza, mwingine uko tayari kuanza na kurekebisha njiani.

Kosa la kawaida ni kusoma jina la kipimo na kuacha maswali yaliyokizaa. Kuepuka mashaka hakupimi woga. Alama ilitokana na maswali matatu kwa wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta: je, kanuni ya kampuni isivunjwe hata kwa faida ya kampuni, unakusudia kubaki kazini muda gani, na unapata wasiwasi kazini mara ngapi? Dodoso zaidi ya 100,000 zilikusanywa kati ya 1967 na 1973. Kwa hiyo Denmark kupata 23 na Ufaransa 86 ni habari ya ofisini, si ya sebuleni. Kipimo cha kujitegemea nacho hutafsiriwa "ubinafsi", neno ambalo kwetu ni tusi. Msomaji anahukumu kabla hajaona namba.

Udhaifu mkubwa ni wastani wa nchi. Uswisi ina 34 kwenye umbali wa madaraka, namba ya kutuliza. Ukitenganisha lugha, wasemaji wa Kijerumani wana 26 na wa Kifaransa 70, karibu sawa na majirani zao wa Ufaransa wenye 68. Anayeandaa mafunzo ya Geneva, mji wa Uswisi wa Kifaransa, kwa kutumia 34 amepotea njia tangu mwanzo.

Angalia pia toleo la data. Kwa kuepuka mashaka, Ugiriki ina 112 kwenye jedwali la awali, 100 kwenye tovuti. Alama za kujitegemea zilibadilishwa 2023, hivyo usichanganye slaidi za zamani na grafu ya leo. Nchi nyingi za Ulaya Mashariki hazikuwemo kwenye dodoso la mwanzo. Alama zao zisomwe kwa tahadhari zaidi. Mimi pengo lisilofika pointi 10 silijali kabisa.

Ni zana nzuri kwa meneja wa timu ya nchi mbili, mbovu kwa anayemchuja mwombaji mmoja wa kazi. Na anayetafuta kipimo cha uvivu hatakipata. Mwaka 2012, Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, iliuliza nchi 8 za Ulaya ni taifa gani lenye wachapakazi zaidi: 7 zilitaja Ujerumani, Wagiriki wakajitaja wenyewe. Wakachekwa. Takwimu za OECD (shirika la kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea) za saa za kazi kwa mwaka zinawaweka Wagiriki juu ya Wajerumani kwa mamia ya saa.