Dawati la taarifa za dawa hospitalini kwetu Tabora, nalipatia nyota nne

Wenzangu manesi, wakunga na makliniki ofisa mlioko Sikonge, Urambo na Nzega mnaniuliza inboksi hili dawati linasaidia kweli au ni bango tu la mlangoni, naandika hapa ili wote msome.

Linasaidia, tena sana. Mfamasia anakaa pale kwa ajili yetu sisi watoa huduma, una swali la dozi, la kuchanganya sindano, la dawa mbili kugongana, unapiga simu au unatuma watsap. Kinachonifurahisha hakimbilii kujibu, anakuuliza kwanza mgonjwa ana umri gani, kilo ngapi, figo zikoje, ana mimba au ananyonyesha, anatumia dawa gani nyingine hata za kienyeji. Ukiwa na haraka unaona kama anakuzungusha lakini ndo utaalamu wenyewe huo.

Mfano wodi ya watoto wachanga, mtoto wa siku chache kaandikiwa seftriaksoni, sindano ya antibayotiki, na huku dripu ya Ringer inatembea. Ringer ina kalsiamu, ikikutana na hiyo dawa inatengeneza chembechembe, na mtoto akiwa hajafikisha mwezi hamchanganyi hata kwa kanula mbili tofauti wala kwa kupishanisha saa. Mfamasia hakuishia kutuambia acheni, alimpigia daktari mwenyewe wakabadili dawa hapohapo. Mwingine ni mgonjwa wa TB aliye kwenye TLD, kile kidonge cha VVU chenye dolutegraviri ndani, rifampisini ya TB inashusha dolutegraviri mwilini kwahiyo anaongezewa kidonge cha mg 50 baada ya saa 12, na huyu wa sukari anayetumia dolutegraviri metformini yake isipite mg 1000 kwa siku. Haya mambo yamo kwenye miongozo jamani, ila wodi ina wagonjwa wamelala wawili wawili na uko peke yako, huo mwongozo unaufungua saa ngapi? Hata artesuneti, sindano ya malaria kali, na malaria ya huku kwetu mnaijua, bado kuna watu wanampa mtoto wa chini ya kilo 20 hesabu ya mkubwa, mg 2.4 kwa kilo badala ya 3.

Halafu anakwambia jibu kalitoa wapi, ukibishiwa raundi unaonyesha. Na mgonjwa akipata madhara ya dawa anakaa na wewe mnajaza ile fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mpaka mwisho, nimelipenda hilo kwasababu fomu zilikuwa zinazeeka kwenye droo.

Nyota moja naikata kwa usiku na wikiendi. Simu haipokelewi, na zamu ya usiku ndo ina nesi mmoja, daktari wa zamu yuko tieta anapasua, na mama wa kifafa cha mimba yuko kwenye magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, unataka kuhakikisha dozi inayofuata. Hapa uongozi waweke mtu wa zamu hata wa kupigiwa nyumbani, sio ombi dogo na sio la anasa. Pia majibu yanabaki kwenye simu ya aliyeuliza, kila wodi iwe na daftari lake.

Wilayani mnapokelewa pia, pigeni mchana, muwe na faili mkononi na uzito mliopima leo sio wa kukadiria, na kwenye watsap msitume jina la mgonjwa wala picha yake.