Manesi wa tiba shufaa wanaokuja nyumbani: nawapa nyota nne

Naandika kwa mwenye mgonjwa ndani ambaye hospitali imeshamwambia "mpumzisheni nyumbani." Tiba shufaa ni ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, hata kama ugonjwa wenyewe hauponi. Mama yetu aliugua saratani ya titi, akapigwa mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akarudi nyumbani Tandika na kidonda ambacho sote tulijua hakitapona. Kituo sikitaji jina. Nina la kuwasifu na la kuwasema, na manesi wenyewe ni wachache, watajulikana.

Kabla yao tulijaribu njia ya pesa. Kampuni moja ya mjini ilituletea binti wa kulipwa kwa siku. Msafi, ana adabu, asubuhi na jioni anapima presha na kuandika kwenye daftari. Mama analia, binti anapima presha. Tukamlipa, tukaagana.

Manesi wa shufaa walikuja na begi moja na maswali mengi. Sista mkubwa wao alimwamkia mama, akakaa kitandani pembeni yake, akauliza: "Bibi, jana usiku kitu gani kilikuamsha?" Kisha akamfundisha kupima maumivu kwa vidole. Ngumi maana yake huumwi, kidole kimoja unaumwa kidogo, vitano ndiyo yale yasiyovumilika. Mama akanyoosha vitano, akafikiri, akanyoosha na mkono wa pili. Tulicheka, na yeye akacheka, lakini sista aliandika.

Dawa yenyewe ya maumivu ni mofini ya maji, chungu kama shubiri, inanywewa kwa kupimwa na bomba la sindano lisilo na sindano. Hapo ndipo kaka yangu mkubwa alipogoma. Kwake mofini ni dawa ya kumuaga mtu anayekufa, na akipona atakuwa teja. Sista hakubishana naye. Alimwambia mgonjwa mwenye maumivu ya kweli akipewa kwa kipimo na kwa saa hageuki teja, na kwamba siku za kwanza atasinzia sana, hata kutapika anaweza, kisha mwili unazoea. Halafu akampa kaka bomba mkononi: "Pima wewe." Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kugusa ile chupa isipokuwa kaka.

Ratiba ilibandikwa ukutani: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku kipimo mara mbili ili alale mpaka alfajiri bila kuamshwa. Kila yakipita masaa manne, anaumwa haumwi. Hili watu wengi hawalijui. Ukisubiri maumivu yarudi ndiyo utoe dawa, unayakimbiza kutwa nzima na huyapati. Pamoja na mofini lazima iwepo dawa ya kulainisha choo, na sista alikuwa mkali juu yake kuliko mofini yenyewe, kwa sababu mofini inafunga choo kila siku unayoinywa, na hilo mwili hauzoei. Mama alikuwa tayari kuzungumzia kifo mbele ya wakwe, ila si choo. Sista aliuliza kila ziara.

Sasa nije kwenye harufu, kwa sababu hakuna anayeandika habari zake. Kidonda cha titi kikioza kinanuka, na harufu yake inakutangulia mlangoni. Tulifukiza udi, tukafukiza ubani, tukapata harufu mbili badala ya moja. Wajukuu walisalimia wakiwa kizingitini. Mama mwenyewe aliacha kuwaita.

Sista alichukua vidonge vya Flajili, hivi hivi vya dukani, akavisaga katikati ya vijiko viwili mpaka vikawa unga laini. Akalowesha bandeji ya zamani kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, akasubiri iachie yenyewe. Havutwi mtu ngozi. Akaosha, akanyunyiza ule unga juu ya kidonda, akafunika kwa kitambaa cha kanga kuukuu kilichofuliwa na kupigwa pasi ya moto. Siku iliyofuata alinisimamia nikafanya mwenyewe, mikono inatetemeka. Hazikupita siku nyingi chumba kikarudi kuwa chumba, na mdogo wa wajukuu akahamia kitandani na madaftari yake. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota zote.

Nyota moja nimeizuia, na sababu ninazo.

Simu yao ni ya siku za kazi. Jumamosi moja usiku maumivu yalipanda katikati ya dozi mbili, tukapiga mpaka chaji ikaisha, haikupokelewa. Jumatatu ndipo tunaambiwa kuna dozi ya nyongeza ambayo mgonjwa anaweza kupewa katikati, maumivu yakichomoza kabla ya saa yake. Hilo lilipaswa kuandikwa kwenye ile karatasi ya ukutani tangu siku ya kwanza, kwa kalamu nyekundu. Mtu asikae mpaka Jumatatu kwa jambo la mstari mmoja.

La pili ni gari. Limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kazi wanayofanya, na uswahilini kwetu gari likisimama mlangoni mtaa mzima unasoma. Kesho yake jirani alikuja kutoa pole ya msiba, mama yuko ndani anakunywa uji. Tuliwaomba waegeshe kwa fundi baiskeli, wakakubali bila kinyongo.

La tatu sijui nimlaumu nani. Dozi ikihitaji kupandishwa, sista anaona, anajua, lakini lazima amsubiri daktari asaini. Uganda walibadilisha sheria tangu 2004, manesi waliosomea tiba shufaa wanaandika mofini wenyewe. Sisi tulisubiri siku mbili, mama vidole vinne juu.

Gharama: ziara na mofini hatukulipia. Glavu, pampasi, pamba na nailoni ya kitandani tulinunua wenyewe, na pampasi za watu wazima zinakula pesa, jipangeni. Mofini usiitafute duka la dawa la mtaani, inafuatwa kituoni na kitabu cha mgonjwa na chupa iliyoisha.

Mama alipofariki walikuja msibani, sista akakaa mkekani na wanawake wenzake kama ndugu. Alipotaka kuondoka alimwita kaka pembeni, akapima mofini iliyobaki, wakasaini wote wawili, akaondoka nayo. Ndivyo utaratibu ulivyo, msishangae.

Kuandikishwa hakuna ugumu: barua kutoka hospitali inayomtibu, faili lake, maelekezo ya nyumba yanayoeleweka, na mtu mzima mmoja atakayeshika dawa kwa jina lake. Na wala si lazima msubiri hospitali ikate tamaa, wanapokea hata aliye katikati ya matibabu. Huyo mshika dawa mchagueni anayelala hapo nyumbani, si yule mwenye kazi nzuri mjini.